Magunia Ishirini na Matatu Juu ya Maji ya Mama

Kuna watu wanaoishi duniani, na kuna watu wanaoishi katika parsele. Mimi ni wa parsele, yaani uwanja wa nyumba yetu na geti lake. Naamka, nafagia, nakunywa chai, nazunguka nyumba mara moja kuona kama kuna kitu kimehama usiku, kisha narudi kwenye kiti changu barazani. Ndugu zangu wananiita zamu, yaani mlinzi. Wageni wengine wameshaamini, wakanipa mikoba yao niichunge. Niliichunga vizuri.

Nyumba ni ya marehemu papa, baba yetu, aliyefanya kazi ya reli hapa Kalemie kando ya ziwa mpaka miguu ikakataa. Kuta zake ni nene, bati limekuwa jekundu kwa kutu, na katikati ya uwanja kuna siterne: tangi lililochimbwa chini ya ardhi, linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati. Mfuniko wake ni wa simenti, mpana kama chumba cha kulala, na umelala sawasawa na mchanga. Mgeni akiingia haoni tangi. Anaona mahali pasafi pa simenti, basi.

Maji yale ni ya mama. Mama hanywi maji ya ziwa tangu kipindupindu kilipomchukua dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Anasema ziwa ni la samaki na la kufulia. Siterne hujaa mpaka mwezi wa tano, mvua zikikatika, halafu tunaishi kwa kipimo: bidoni mbili, yaani madumu mawili, kwa siku, asubuhi na jioni, mpaka mvua zirudi mwezi wa kumi. Mimi ndiye waziri wa kipimo hicho. Na kila mwaka, maji yakiwa chini kabisa, nashuka kwa ngazi kulisugua tangi, ndiyo maana najua dari lake kuliko ninavyoujua uso wangu. Tangu ziwa lilipopanda na kuingia katika mitaa ya chini, udongo wetu haukauki tena. Vyuma vya ndani ya simenti vimeoza, vinatema maganda, na kuna ufa unaotoka kona hadi kona, mwembamba kama ukucha.

Sasa niseme ugonjwa wangu mwingine: napenda magari. Sina gari, sina pikipiki, na baiskeli yangu haina mnyororo. Lakini nina simu, na nina karatasi za majarida ya Kifaransa ambazo mama mmoja wa sokoni alikuwa anafungia mandazi. Mandazi niliyala, karatasi nikazitunza. Elimu yangu ya magari ina mafuta mengi.

Ninazozipenda zaidi ni kupe, zile gari za milango miwili zenye paa lililoinama nyuma. (Mama aliniuliza kwa nini wazungu wameipa gari jina la mdudu wa ng'ombe.) Zamani kupe ilikuwa kitu chepesi. Injini ndogo, viti viwili, dereva mwembamba, ikikata kona kama swala. Leo? Leo wanaweka viti vinavyokanda mgongo. Wanaweka vioo vinene ili tajiri asisikie dunia. Wanaweka spika ishirini, betri kubwa, mlango unaojifunga wenyewe kana kwamba mwenye gari amekatwa mikono. Gari linakuwa zito, basi wanaongeza farasi wa injini. Farasi wakizidi, breki hazitoshi, wanaongeza breki. Breki zikinenepa, magurudumu yanapanuka. Sasa gari limekuwa zito tena, basi farasi wengine! Ni kama mtu anayenunua punda wa kubeba chakula cha punda. Halafu wanaandika kwa herufi kubwa: farasi mia sita. Kilo wanaziandika ukurasa wa nyuma, kwa herufi za mchwa.

Mambo haya nilikuwa nayasema barazani, peke yangu, bila kumdhuru mtu. Mpaka dada yetu mdogo alipopata mchumba.

Kwetu, bibi arusi hatoki katika parsele ya baba yake kwa miguu. Anatolewa na gari, na gari hilo ni kazi ya kaka mkubwa. Kaka yetu mkubwa anaishi Lubumbashi, ana shughuli za madini ambazo sisi tunazielewa nusu, na nadhani yeye pia. Alituma habari kwamba anakuja na gari lake mwenyewe. Alilinunua Dar es Salaam, akaliendesha mpaka Kigoma, akalipakia melini. Asubuhi ya arusi, mwezi wa sita, likashushwa bandarini.

Lilikuwa kupe. Jeusi. Nilipoliona likikata kona ya barabara yetu, kiti changu kilianguka na sikukiinua. Lilikuja polepole, maana barabara yetu ina mashimo yanayojulikana kwa umri wao. Farasi mia sita wakapitwa na mama mwenye beseni la mihogo kichwani. Aligeuka akalitazama kwa huruma.

Watu walimkimbilia kaka, wakaomba bia. Mimi niliomba kitabu cha gari. Nikafungua ukurasa wa nyuma, nikazikuta pale herufi za mchwa: kilo elfu mbili na mia tatu.

Kaka aliingia getini, na palepale magurudumu ya nyuma yakazama katika mchanga wetu. Akakanyaga mafuta. Mchanga uliruka mpaka dirishani kwa jirani, na gari likachimba mashimo mawili kama linajitafutia kaburi. Wanaume wakasukuma, likatoka. Kaka akafuta jasho, akaangalia uwanja mzima, akaona mahali pamoja tu penye kustahili gari lake.

"Naiweka pale kwa simenti," alisema. "Tuioshe, tufunge maua, tuende."

"Yaya, usiiweke pale," nikamwambia; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Chini kuko maji ya mama."

"Ninajua kuko siterne. Miye sikuzaliwa hapa?"

"Iko na kilo elfu mbili na mia tatu. Njo sawa na magunia makumi mbili na tatu ya mahindi."

Hapo baba mdogo akacheka. Baba mdogo ni ndugu ya papa, na alipakia mabehewa bandarini miaka thelathini. Watu wa kazi ile hawapimi mzigo kwa mizani. Wanautazama, wanakunja uso kidogo, wanakwambia: hii watu wane, hii watu nane. Na kweli, kwa unga, kwa chumvi, kwa samaki wakavu, hawakosei. Baba mdogo akaliendea gari, akainama, akachungulia chini, akachungulia ndani.

"Magunia makumi mbili na tatu? Iko wapi? Mu kitu kidogo hivi, ya milango mbili? Hii haifike hata nusu ya jeep. Jicho yangu haijakosa muzigo hata siku moja."

"Baba mudogo, chuma hailingani na unga."

"Weye ulipakia behewa wapi? Kwa hicho kiti yako?"

Uwanja mzima ulicheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo, maana lilikuwa neno zuri.

"Na siku ya kilio ya papa yako," akaendelea, "watu makumi ine walicheza juu ya simenti hii mpaka asubuhi. Ilivunjika?"

Swali hilo lilikuwa la akili, nakiri. Lakini jibu nilikuwa nalo, tangu shule ya sekondari. Kaka analijua pia, au angepaswa kulijua: alirudia darasa mara mbili mpaka nikamkuta, tukakaa benchi moja, na zoezi la fizikia la mgandamizo aliliandika kutoka kwenye daftari langu, pamoja na jina langu juu.

"Watu makumi ine wako na miguu makumi munane," nikasema. "Inasambaa kila pahali. Gari iko na miguu ine tu, na kila muguu inagusa chini pahali padogo kama mukono yangu. Uzito yote inakaa pale."

"Umesikia professeur?" kaka akawaambia watu. "Pikipiki hana, baiskeli yake iko na kutu, lakini ananifundisha gari!"

Nikaenda nikasimama katikati ya simenti, nikakunja mikono. Nina kilo tisini na mbili, sionekani kama ukuta lakini nazuia hewa. Kaka akapiga honi. Sikusogea. Honi tena. Sikusogea.

Mama akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Alikuwa amesikia kila kitu. Alitazama gari, alitazama watu, akamtazama mtoto wake wa kwanza ambaye hakumwona miaka miwili.

"Mutoto wangu, sogea," akaniambia. "Yaya yako ametoka mbali."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nimechota maji yale kila siku ya maisha yangu ya utu uzima. Yeye ametoka mbali. Mimi sijatoka popote, kwa hiyo neno langu halina nauli. Hata hivyo, sikusogea. Naapa kwamba kwa maneno ya mama sikusogea.

Kilichonisogeza kilikuwa kingine. Kaka alishusha kioo, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo, kama zamani alipotaka daftari:

"Mudogo. Ingia. Kuya usikilize mashine."

Nikaingia.

Niandike tena, maana wengine wa familia wataruka mstari huu: niliingia kwa miguu yangu. Mlango ulijifunga wenyewe. Kiti kilinikumbatia matako kama shangazi. Kaka akabonyeza kitu, na kiti kikaanza kunikanda mgongo, mgongo usio na kazi, na nikajua kilo zote ziko wapi. Gari likapanda juu ya simenti, pamoja na kilo zangu tisini na mbili juu ya hesabu yangu mwenyewe. Likasimama. Hakuna kilichotokea.

"Unaona?" kaka akasema. Baba mdogo nje akainua kidole, kuonyesha jicho lake.

Kisha kaka akaweka mguu mmoja kwenye breki na mwingine kwenye mafuta, ili nisikie. Na nilisikia. Sauti ilianzia chini ya mbavu, gari likachuchumaa kwa nyuma kama chui, kila kitu kikatetemeka, na mimi mwenye ukurasa wa herufi za mchwa, mimi mwenye kujua ufa wa kona hadi kona, nilikuwa nacheka kwa furaha kama mtoto anayerushwa juu.

Simenti ilivunjika kwa mlio mdogo tu, kama mtu ameuma muwa. Halafu kioo cha mbele kikajaa mbingu. Nyuma ya gari ilikuwa imetumbukia. Kaka, kwa woga, hakutoa mguu. Magurudumu yakaendelea kuzunguka ndani ya tangi, yakichapa maji, na farasi mia sita wakayakoroga maji ya mama kwa oili na mafuta na vipande vya chuma, dakika nzima pengine, mpaka nilipokipiga kifundo cha mguu wake kwa ngumi akazima.

Tulitoka kwa kupanda, kama watu wanaotoka kisimani. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanza hasa, yale ya mwanzo yalikuwa mzaha. Watu walikimbilia gari! Rangi imekwaruzika? Taa imepona? Ole, tazama bampa! Dada yetu alitoka na nywele nusu zimesukwa, akapiga kelele, akarudi ndani. Hakuna hata mtu mmoja aliyechungulia shimo, isipokuwa mama. Alikuja na kopo lake. Akapiga magoti penye ukingo, akachota, akanusa. Akamwaga mchangani. Akainuka, akarudi jikoni.

Ningependa angenitukana.

Dada yetu aliondoka kwa teksi ya jirani, ambayo mlango wake mmoja umefungwa kwa kamba. "Mimi njo naolewa," alisema, "gari haiolewi." Wakapiga honi mpaka kanisani. Sisi tukaenda kuwaita wavutaji wa pwani, wale wanaotoa mitumbwi mikubwa majini kwa kamba na magogo. Walikuja, na mkubwa wao, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, alilizunguka gari mara moja, akauliza swali ambalo nililingoja tangu asubuhi.

"Iko na kilo ngapi?"

Nikamwahi kaka kujibu. "Elfu mbili na mia tatu, papa."

"Basi watu makumi tatu, na magogo tatu ya chini." Akamgeukia baba mdogo. "Hii ni nzito kupita inavyoonekana. Vitu vya kupendeza viko vile."

Wakafunga kamba, wakaanza wimbo wao wa kuvuta. Kaka, akitaka kuwa na faida, aliingia garini.

"Niwashe, niwasaidie kwa nguvu?"

"Papa, zima," mzee akamjibu kaka kwa heshima. "Kelele yako inaharibu wimbo."

Watu thelathini, magogo matatu, wimbo mmoja. Likatoka, huku ekseli ya nyuma ikining'inia. Farasi hawakutusaidia hata mmoja, maana gurudumu lisilogusa kitu halina nguvu ya chochote, hata ulipe farasi elfu. Hilo nalo lilikuwa katika daftari.

Jioni ile, watu wakila, kaka alinijia barazani. Nilidhani anakuja kuomba msamaha, nikaandaa uso wa kusamehe.

"Weye ulikuwa unajua," akasema. "Kwa nini haukukataa kabisa?"

Sikumpiga. Naandika hivi ili ijulikane kwamba nina sifa moja.

Akarudi Lubumbashi kwa ndege, akaahidi mambo mawili: ekseli itakuja kutoka ng'ambo, na siterne itatengenezwa kabla ya mvua. Gari likabaki uwanjani kwetu. Nikawa zamu kweli. Niliyatoa maji yote kwa ndoo, maji ya miezi minne, nikayamwaga nyuma ya choo, na hata nyasi za pale zilikufa. Halafu nikachukua bidoni mbili, nikatoka getini, nikaenda kwenye bomba la mtaa.

Mimi! Wanawake wa foleni walinipokea kwa heshima zote.

"Zamu, leo umetoka? Nyumba imekukimbia?"

"Muangalie vizuri, jua itamuunguza, hajaizoea."

"Zamu, bidoni inabebwa na mukono, si na mudomo!"

Bidoni moja ina kilo ishirini. Mbili kwa siku, kilo arobaini. Kwa kuwa njiani sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kutukana kimoyomoyo, nilipiga hesabu: siku ya hamsini na nane nilikuwa nimelibeba gari lote, pamoja na kiti cha kukanda mgongo. Siku ya hamsini na tisa nikaanza kulibeba upya. Mama alikuwa ananipokea mlangoni, ananusa maji kila mara kabla ya kuyachemsha. Hakuwa hivyo zamani. Alikuwa anayanywa ya siterne moja kwa moja, akifumba macho.

Boneti ya gari mama alikuwa anaianikia ndakala, dagaa wetu wa ziwa. Rangi nyeusi inakamata jua vizuri, samaki wadogo wanakauka nusu siku. Ndiyo kazi pekee niliyoliona gari lile likiifanya kwa uaminifu. Kaka alipiga simu kila Jumapili.

"Gari iko bien, iko muzuri?"

"Iko bien."

"Munaifunika?"

"Tunaifunika kila siku." Ilikuwa kweli, ilikuwa imefunikwa na ndakala.

Hakuuliza habari ya maji hata Jumapili moja.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, mawingu ya kwanza yakaanza kusimama juu ya ziwa, na kaka akafika na fundi na sanduku la mbao. Ndani ya sanduku kulikuwa na ekseli, imevikwa karatasi laini kama mtoto wa hospitali. Nilitafuta simenti. Nikaangalia hata mfukoni mwa koti la fundi. Hakukuwa na simenti.

"Simenti itafuata," kaka akasema. "Kwanza gari. Meli ya Kigoma, njia ya kurudisha gari, inaondoka siku ya tatu."

Fundi alifanya kazi siku mbili, vizuri kabisa. Asubuhi ya tatu injini ikawaka, ile sauti ikapita tena chini ya mbavu zangu, na sitadanganya, moyo uliruka. Lakini safari hii nilikuwa nimeshaamka mapema. Vipande vya mfuniko uliovunjika nilivikokota kimoja kimoja mpaka getini, nikavipanga, na mbele yake nikaweka kiti changu, na juu ya kiti nikajiweka.

Kaka akapiga honi. "Sogea."

"Simenti."

"Nimesema itafuata! Meli itaniacha!"

"Itafuata meli ingine."

Baba mdogo akaja, akayatazama yale mawe, akakunja uso. Nadhani alikuwa anahesabu ni watu wangapi. Hakutaja idadi. "Mutoto ya ndugu yangu," akasema, "heshimu mukubwa yako."

"Jicho yako inasema nini, baba mudogo? Miye niko na kilo ngapi?"

Akaondoka.

Ndipo mama akatoka jikoni, na beseni la ndakala kiunoni. Kaka akazima injini, akatabasamu, akamngojea. Mimi nikatazama chini. Nilijua neno linalokuja, na nilijua kwamba safari hii nitakaa hata akilisema, na kwamba itanichoma kukaa.

Mama alikwenda ndani akatoa kigoda chake. Akakileta getini, akakiweka kando ya kiti changu, akaketi, akaweka beseni mapajani, akaanza kuwatoa samaki vichwa, mmoja mmoja.

Kaka alikaa garini kwa muda mrefu, na farasi wake wote. Kisha akashuka, akapita pembeni yetu kwa kujibana ukutani, akasimamisha pikipiki barabarani. Alirudi karibu saa sita, jasho linamtoka, mifuko miwili ya simenti imepakiwa kati yake na dereva, suti imekuwa ya kijivu.

"Hii hapa," akasema. "Sasa sogea."

Mama hakuinua kichwa. Mimi nikaigusa ile mifuko kwa kidole cha mguu.

"Na vyuma?"

"Vyuma gani?"

"Vya ndani, yaya. Vile vilioza. Ulete vinene, na mutu wa kuvifunga."

Akanitazama, akamtazama mama, akatazama ziwa ambako meli yake ilikuwa imeshaanza kupiga honi. Akageuka kutafuta pikipiki nyingine. Mimi nikakaa vizuri kitini. Bado nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa nimekaa.